Tawi Linunue Laptopu Yake, Lisingoje Zawadi

Na Mwanachama wa Musoma

Ndugu wanachama, mkutano wa tawi letu hapa Musoma mwezi uliopita ulikwisha saa mbili za usiku, na shauri halikukatwa. Jambo lenyewe laonekana dogo. Tawi lina sanduku, na ndani ya sanduku mna fedha za ada na michango iliyokusanywa shilingi kwa shilingi: mama wauza dagaa wa Mwigobero, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda, walimu, wazee wastaafu. Fedha hizo zatosha kununua laptopu moja ya bei ndogo na ruta ya kutoa mtandao usio na waya katika ofisi yetu. Swali lililotugawa ni hili: tununue au tungoje?

Wako waliosema tungoje. Walisema kwamba majira ya kuomba kura hayakosi kurudi, na yakirudi watakuja mabwana wenye nafasi ambao hawatashindwa kulipa tawi laptopu mpya kabisa, na ruta juu yake, na pengine viti. Wako waliosema tununue, lakini iwe mpya yenye kung'aa, hata kama itabidi kukopa, ili wenzetu wa Bunda wakija wasituone kama watu duni. Na wako, nami ni mmoja wao, waliosema tununue mtumba ulio mzima, kwa fedha yetu wenyewe, lakini kwanza tujifunze kununua. Kwa kuwa kule mkutanoni kila mtu alisema na hakuna aliyesikiliza, naomba nafasi katika gazeti letu hili niseme polepole.

Nianze na hao wa kungoja zawadi, maana ndio wengi.

Laptopu ya tawi si redio ya kusikilizia muziki. Ndani yake litaandikwa daftari la wanachama: nani ni nani, anakaa wapi, amelipa ada au hakulipa, simu yake ni namba gani. Ndani yake zitatunzwa kumbukumbu za mikutano na hesabu za sanduku. Basi fikirini. Bwana fulani atoa laptopu. Mpwa wake ndiye aliyeitengeneza, ndiye aliyeweka neno la siri, na ndiye atakayeitwa ikiharibika. Siku ya kura za maoni ikifika, bwana huyo atakuwa na orodha yetu yote mfukoni mwake, na mshindani wake hatakuwa nayo. Nani atasema kwamba tawi hilo ni la wanachama? Sisemi kwamba kila atoaye ana nia mbaya. Nasema kwamba mtu mwenye kushika daftari ndiye mwenye kushika tawi, na hilo wazee wetu walilijua. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, haikutegemea tajiri mmoja wa kuilisha. Iliishi kwa ada na michango ya watu wenye viraka, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kuja kudai kwamba chama kile ni mali yake.

Wengine husema, "Sisi ni maskini, mambo ya kompyuta tuwaachie wakubwa, tutayafikia uwezo ukipatikana." Neno hili nikilisikia Musoma hunishangaza kuliko nikilisikia mahali pengine. Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana katika mji wetu huu na kutoa Azimio la Musoma. Mpango wa awali ulikuwa kwamba watoto wote wa nchi hii wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1989. Halmashauri Kuu ikasema miaka hiyo ni mingi mno, kazi hiyo ifanyike ifikapo mwaka 1977. Walikuwa na uwezo? Hawakuwa nao. Ukame ulikuwa umekausha mashamba, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, na watoto wengi wakafundishwa na vijana waliojifunza ualimu wakiwa kazini vijijini. Kasoro zilikuwako, na waliosoma wakati ule watawaambieni jinsi walivyobanana darasani. Walakini walisoma.

Haki yataka niseme na upande wa pili. Mwaka huohuo wa 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana husikia habari hiyo wakacheka, wakadhani wazee waliogopa mashine kama mtu aogopavyo jini. Sivyo. Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Hesabu za Serikali zilipohamishiwa katika mashine, mambo yakaharibika: fedha za kigeni zilitumika nyingi, wataalamu walikuwa wageni, na hesabu zilizotoka hazikuaminika. Ndipo Serikali ikafunga mlango, na baadaye ikaulegeza. Mimi naona kwamba mlango ule ulifungwa kwa muda mrefu kupita kiasi, tukachelewa. Lakini sababu ya kuufunga haikuwa ya kipumbavu. Nchi ilikuwa imenunua kitu isichoweza kukikagua, kukiendesha wala kukitengeneza, na kosa hilo laweza kufanywa na tawi leo kwa urahisi uleule, tena kwa fedha za mama wa dagaa.

Kwa hiyo nawajia sasa wenzangu wa kununua, maana hata sisi tuna kosa letu. Tuna haraka.

Watu wa Bunda na wa kanda yote hii ya pamba wanakumbuka habari ya mizani. Mkulima alileta pamba yake, mnunuzi akapima, akataja kiasi apendacho, na mkulima asiyejua kusoma mizani akapokea alichopewa. Dawa haikuwa kulia. Wakulima waliungana, wakaweka watu wao wenye kujua kusoma mizani, wakajenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lao la Victoria, lenye makao Mwanza. Basi laptopu nayo ina mizani yake, na mizani hiyo imeandikwa kwa namba ambazo mwenye duka anategemea kwamba hutazisoma.

Mimi nililipa ada ya shule hiyo. Miaka michache iliyopita nilinunua laptopu ya mtumba katika duka ambalo sitalitaja, katika mji ambao pia sitautaja. Nililipa shilingi laki tatu na nusu. Juu yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa: ramu gigabaiti 8. Nilipofika nyumbani, mwanangu akaifungua, akakuta 4. Betri ikafa kabla ya maji ya chai kuchemka. Mwezi wa pili tuliisafisha ili tuweke programu upya, na hapo mashine ikatokeza maandishi ya kututaka tuingie kwa jina la kampuni fulani ya Ulaya! Kumbe kampuni ile iliiuza laptopu bila ya kuifuta katika daftari zake, na kila ilipounganishwa na mtandao iliwakumbuka mabwana zake wa zamani. Nilirudi dukani, nikaambiwa kwamba "mali ikitoka hairudi." Laptopu ile sasa yakaa juu ya kabati. Mke wangu huwekea kitambaa.

Tangu siku ile nimeuliza mafundi, nami nawaambia niliyoyapata.

Mtumba si aibu. Laptopu nyingi zinazokuja kwetu zilikuwa za maofisi ya Ulaya na Marekani, ambayo huzibadili kila baada ya miaka michache hata kama hazijachoka. Huuzwa kwa jumla, nyingi zikipitia Dubai, zikafika Kariakoo, kisha Mwanza, kisha kwetu. Zile zilizotengenezwa kwa kazi za ofisi, kama vile ThinkPad, Latitude na EliteBook, zina mifupa migumu, na vipuri vyake vyapatikana. Mimi ningechukua moja ya hizo yenye umri wa miaka sita kuliko laptopu mpya ya bei ya chini kabisa, ambayo ni plastiki tupu, yenye ramu iliyogandishwa ndani isiyoweza kuongezwa na diski ndogo isiyotosha hata masasisho yake yenyewe. Nawaambia hivyo ndugu zangu wa mng'aro.

Lakini si kila mtumba. Tazameni namba ya kichwa cha mashine. Ikiwa imeandikwa i5-6300U, ile 6 ya mwanzo ni kizazi cha sita. Ikiwa i5-8250U, ni kizazi cha nane. Tofauti hiyo ni kubwa kwa sababu ya jambo lililotokea tarehe 14 Oktoba, 2025, siku ileile ambayo sisi humkumbuka Mwalimu aliyetutoka tarehe 14 Oktoba, 1999. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa kwa kawaida marekebisho ya usalama ya Windows 10. Windows 11 nayo haizikubali rasmi laptopu za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Unaona basi mchezo ulivyo. Maofisi ya nchi tajiri yana sababu ya kutupa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa maelfu, na mashine hizo lazima ziende mahali. Zitakuja kwetu kwa bei nzuri mno, na muuzaji atakuambia, "Mzee, hii ni i5!" Kweli ni i5. Mwulize ni ya kizazi gani.

Hata hivyo, laptopu ya kizazi cha sita haijafa ikiwa mnunuzi anajua anachonunua. Ikiwekwa Linux, kama vile Ubuntu au Mint, itaandika barua na kutunza daftari kwa miaka mingine, bila ya kulipia programu hata senti. Hapa nakumbusha jambo ambalo wengi wamelisahau. Mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux, kwa msaada wa Waswidi, walitoa programu ya ofisi yenye kusema Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Mtu aliweza kufungua faili, kuandika na kuhifadhi kwa lugha yake mwenyewe. Tulipaswa kuikimbilia. Badala yake tukaendelea na Windows za wizi zilizojaa virusi, kwa Kiingereza ambacho nusu yetu hatukisomi vizuri, tukajiona tumeendelea. Kasumba hiyo bado tunayo.

Sisi wa Mara hatuhitaji kufundishwa namna ya kununua ng'ombe. Hakuna Mkurya, Mzanaki wala Mjita atakayetoa fedha mnadani kabla ya kumfunua ng'ombe kinywa, kumtembeza na kumtazama kwato. Mtu huyohuyo akiingia duka la kompyuta hunyamaza kimya kama yuko hospitali! Iwasheni mashine mbele ya muuzaji. Msisome karatasi iliyobandikwa. Ifungueni laptopu yenyewe iseme ramu yake ni ngapi, na isipungue gigabaiti 8. Diski iwe ya SSD, maana diski ya zamani ya kuzunguka ndiyo huwafanya watu waseme kompyuta imechoka, kumbe diski ndiyo iliyochoka. Chomoeni chaja, mkae nusu saa mkipiga soga, mtazame betri imeshuka kiasi gani. Bonyezeni kila kitufe. Fungueni na kufunga kifuniko mara kadhaa, mwangalie bawaba. Iunganisheni na mtandao hapohapo, muone kama itataja jina la bwana mwingine. Mwenye duka akikasirika, nendeni duka la pili. Na mpewe risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana, hata ikiwa ni mwezi mmoja.

Sasa ruta. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, na waya wake umefika makao makuu ya mikoa. Usimamizi wake uko kwa TTCL. Kama ofisi ya tawi iko mahali ambapo waya wa nyumbani unafika, ulizeni bei yake kwanza. Kama haufiki, ruta ya kuweka laini ya simu yatosha. Msidanganywe na wingi wa antena. Ruta nyingine ina antena sita kama panzi, na uwezo wake ni wa moja. Kilicho muhimu ni kwamba itoe mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5, ambayo ni ya kasi lakini huchoka upesi. Tena mtazame kama laptopu mliyonunua yaweza kupokea hayo ya 5. Isipoweza, mmelipia kasi msiyoitumia. Bati na jiwe ni adui wa mawimbi hayo. Ofisi moja niliyoitembelea, ruta ilifungiwa ndani ya kabati la chuma ili isiibwe, na wenyewe walikuwa wakiilaumu kampuni ya simu. Iwekwe juu, katikati ya nyumba, mahali pa wazi, na mlango wa ofisi uwe na kufuli nzuri. Hakikisheni pia ni ya aina iliyokubaliwa na TCRA. Tulikwisha ona usiku wa tarehe 16 Juni, 2016, simu bandia zilivyozimwa nchi nzima, na waliolia walikuwa wanyonge walionunua rahisi bila kuuliza.

Umeme nao ukatike, usikatike, ruta ndogo hula kidogo sana. Nyingi hutumia volti 12, ampia moja au moja na nusu. Betri ndogo ya sola yaweza kuiendesha usiku kucha, lakini wekeni kifaa cha kusawazisha katikati, maana betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupita volti 14. Na radi! Ziwa letu hupika ngurumo usiku kuliko mahali pengi duniani. Wingu likianza kujenga upande wa maji, chomoeni waya zote ukutani. Nimeona ruta iliyopigwa, na haikufa peke yake, ilikwenda na kompyuta iliyofungwa nayo kwa waya.

Nimekwisha kusema kwamba shida yetu kubwa si mashine. Tawi likiwa na mtandao usio na waya, jirani watauona. Vijana watakaa nje ya dirisha, na bando la mwezi litakwisha Jumatano ya kwanza kwa kutazama mpira. Mzee mmoja alisema mkutanoni kwamba basi mtandao ufungwe, uwe wa katibu peke yake. Sikubali. Kuna shule karibu nasi, na huu ndio mji wenye shule ya Mwisenge, alikoingia mwaka 1934 mtoto kutoka Butiama aliyekuwa hajawahi kushika kitabu. Kama mtoto wa jirani aweza kuketi katika benchi letu saa tisa hadi saa kumi na moja akafanya kazi yake ya shule, mchango wa wanachama utakuwa umezaa. Ruta nyingi za siku hizi zaweza kutoa mitandao miwili, mmoja wa ofisi na mmoja wa wageni usioweza kuona mafaili ya tawi. Wa wageni uwekewe saa na kipimo. Wa ofisi uwe na ulinzi wa WPA2 au zaidi, na neno la siri lililotoka nalo kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, maana hilo kila mwizi analo. Laptopu pia iambiwe kwamba mtandao unalipiwa kwa kipimo, la sivyo Windows itajipakulia masasisho na kulimaliza bando kabla ya wageni kufika.

Na wenzetu wa Butiama wasione kwamba haya ni ya watu wa mjini. Kwao milima yaweza kuwa baraka: ofisi na shule zikionana kwa macho, antena mbili zenye kuelekeana huvusha mtandao mmoja kilomita kadhaa bila ya waya, na gharama ikagawanywa. Vijana wa ufundi wa kuzifunga hawatakosekana katika wilaya yenye chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu. Bunda nao, walio njia panda ya biashara ya Mwanza, wanaweza kutununulia kwa pamoja. Matawi matano yakinunua laptopu tano kwa siku moja, mwenye duka atatengeneza chai.

Limebaki la neno la siri. Napendekeza lijulikane kwa watu watatu: katibu, mweka hazina na mjumbe mmoja atakayechaguliwa na mkutano, asiye ndugu wa hao wawili. Liandikwe, litiwe katika bahasha yenye muhuri, liwekwe sandukuni. Daftari la wanachama linakiliwe kila mwisho wa mwezi katika diski ya pembeni, na lile la karatasi lisitupwe. Majina na simu za watu si mali ya kugawa ovyo. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo haikusema kwamba matawi yamesamehewa.

Mkutano utarudi Jumamosi ya pili ya mwezi. Naomba tuteue watu watatu wa kwenda kukagua mashine, mmoja wao awe kijana ajuaye kazi hiyo, mmoja awe mama wa Mwigobero ajuaye kupatana bei, na wa tatu ni yeyote asiyekuwa mimi. Wachukue risiti kutoka kila duka watakaloulizia, waje wazisome mbele ya wanachama.